Duka limeungua, bima inasuasua: TIRA, Msuluhishi au wakili?

Wiki ya kwanza baada ya moto watu huhangaika na majivu. Wiki ya pili hufuatilia RB polisi, ripoti ya Zimamoto na risiti zilizosalia. Simu kwangu huja baadaye, kampuni ya bima ikishaanza kusema "njoo Jumatatu", na swali huwa lile lile: nitafute wakili, au niende TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la madai la ofisi ya washauri wa bima hapa Dar es Salaam, nikiwa upande wa wateja, na sijawahi kulijibu swali hilo kabla ya kuuliza la kwangu: mnagombania nini hasa?

Kuna ugomvi wa kucheleweshwa: hawajakataa, hawajalipa. Kuna ugomvi wa kiasi: wamekubali kulipa, ila wametaja fedha isiyosimamisha hata ukuta mmoja. Na kuna kukataliwa: barua imekuja, inasema dai lako halilipiki. Kila ugomvi una mlango wake. Nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa wakili kwa sababu ya ucheleweshaji ambao barua moja kwa TIRA ingeumaliza. Nimeona pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtu aliyekataliwa moja kwa moja akizunguka na malalamiko ofisi hadi ofisi mwaka mzima, na alipofika kwa wakili muda uliotajwa kwenye mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Kabla hujamchagua yeyote

Mama mmoja muuza vitenge, duka lake liliungua pamoja na mengine mawili ya jirani. Alikuwa anadai zaidi ya milioni ishirini. Aliitwa ofisini kwa kampuni, akaambiwa kuna milioni saba tayari, asaini achukue, "mengine tutazungumza". Ana ada za shule, ana deni la mzigo. Akasaini. Karatasi aliyoisaini ndiyo ile tunayoiita dischaji vocha, na ndani yake iliandikwa kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho na hana dai lingine. Alipokuja kwetu na nakala yake, sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumpeleka kwa wakili, na wakili alimweleza ukweli: sasa itabidi athibitishe kwamba alidanganywa au alishurutishwa, na maneno ya mdomo hayana shahidi.

Kwa hiyo usisaini karatasi hiyo wakati bado unabishania kiasi. Ukiwa na shida ya fedha, iandikie kampuni ukiomba ile sehemu wasiyoibishia ilipwe kama malipo ya awali, na uandike wazi kwamba unapokea bila kupoteza haki ya kudai salio. Baadhi hukubali. Wakikataa, angalau una barua inayoonyesha msimamo wako, na yeyote utakayemwendea baadaye ataanzia hapo.

Jambo la pili ni karatasi zako. Wengi hufika na kavanoti peke yake, ile karatasi fupi ya kuonyesha umekata bima, au ujumbe wa simu unaosema bima imelipiwa. Unahitaji mkataba wote wenye masharti na vipengele vya kutolipwa, fomu ya maombi uliyojaza siku ya kukata bima, risiti ya ada ya bima, na kila barua au ujumbe uliopita kati yenu. Kama bima ilikatwa na benki kwa sababu ya mkopo, nenda benki uombe nakala, ni haki yako. Na jua mapema kwamba hapo benki ina maslahi yake: fidia huenda ikapita kwao kwanza kulipa deni. Wakati mwingine hilo linakusaidia, maana benki ikipiga simu kampuni ya bima husikilizwa haraka kuliko wewe.

Mshauri wa bima na wakala si kitu kimoja

Aliyekuuzia bima anaweza kuwa wakala au mshauri, yule ambaye wengine humwita dalali au broka. Wakala anaiwakilisha kampuni. Mshauri anakuwakilisha wewe. Watu hawalijui hili mpaka siku ya janga, wanamlilia wakala awatetee mbele ya mtu aliyemtuma.

Ukiwa na mshauri, mtumie kwanza. Halipwi na wewe kwa kufuatilia dai, kamisheni yake ilishatoka kwenye ada. Anajua meza gani jalada limelala, anajua ripoti ya mkadiria hasara, mtu anayetumwa na kampuni kupima ulichopoteza, imefika au bado, na anaweza kusoma hesabu akakueleza. Upungufu wake niuseme mimi niliyekaa humo: mshauri anahitaji kampuni hizo hizo kesho kwa wateja wengine. Hadi kiwango fulani atasukuma, kisha atakushauri ukubali. Ukiona amefika hapo, usimlaumu sana, ila usimsubiri.

TIRA na Msuluhishi: majengo mawili, kazi mbili

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo, maana zote mbili zinatokana na Sheria ya Bima ya 2009, na watu husema "nimeshtaki bima" bila kujua wameshtaki wapi.

TIRA ndiyo inayozipa kampuni leseni. Nguvu yake iko hapo. Kampuni ikinyamaza, ikipoteza jalada, ikikuzungusha baada ya kukamilisha nyaraka zote, barua yako kwa TIRA yenye tarehe za kila ulipokwenda huifanya ijibu, kwa sababu inajibu kwa yule anayeweza kuiuliza kuhusu leseni yake. Haiko Dar na Dodoma tu, ina ofisi za kanda, zikiwemo za Arusha, Mwanza na Mbeya, kwa hiyo usipande basi bila sababu. Lakini TIRA si mahakama. Usitarajie iite mashahidi na kuamua kama stoo yako ilikuwa na mzigo wa milioni 18 au 30.

Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ndiyo iliyowekwa kusikiliza pande mbili. Huhitaji wakili kufika pale, unaandika lalamiko lako kwa Kiswahili, unaambatanisha nyaraka, kampuni inaitwa kujibu, mnakaa meza moja. Mlalamikaji halipishwi. Kwa mwenye duka la kawaida au nyumba ya familia, mimi naiona kuwa ndiyo njia inayostahili kujaribiwa kabla ya mahakama, na inasikitisha kwamba wengi wa wanaonipigia simu hawajawahi kuisikia.

Ina masharti. Lazima uwe umeilalamikia kampuni kwanza kwa maandishi ikakujibu vibaya au ikakaa kimya. Shauri lisiwe tayari liko mahakamani. Na kuna ukomo wa kiasi cha dai wanachoweza kukisikiliza. Uliza ukomo huo siku ya kwanza kabla hujafotokopi chochote, kwa sababu dai la kiwanda au ghala kubwa linaweza kuwa nje ya uwezo wao. Usiporidhika na matokeo hujafungiwa mlango wa mahakama. Ila usitegemee kwamba kupeleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi kunasimamisha muda wa kufungua kesi. Muda unaendelea kuhesabika.

Kwa kifupi cha dawatini kwetu: wanachelewa, nenda TIRA. Mnabishana kitu ambacho mtu wa tatu mwenye busara ya bima anaweza kukiamua kwa kusoma karatasi, nenda kwa Msuluhishi.

Ugomvi wa kiasi: mkadiria hasara wako au wakili?

Hili nitalikalia, maana ndiko fedha nyingi za watu zinapopotelea.

Baada ya moto kampuni humtuma mkadiria hasara. Ana leseni, mara nyingi ni mtu makini, lakini anayemlipa ni kampuni, na ripoti yake inakwenda kwao. Mteja husikia namba ya mwisho tu. Akiiona ndogo, humkimbilia wakili. Wakili anasoma sheria. Namba zile zimetokana na mzigo, risiti na kanuni ya wastani, na si kila wakili anajua kuzifungua.

Kanuni ya wastani inafanya kazi hivi. Stoo ina mzigo wa milioni 40. Ulipokata bima ulitaja milioni 20 ili ada iwe nafuu. Moto unateketeza mzigo wa milioni 12. Unasema, nimekatia 20, hasara ni 12, nilipeni 12. Kampuni inasema ulikata bima ya nusu ya mali yako, basi nusu nyingine uliibeba mwenyewe: inalipa milioni 6, na hapo bado haijaondoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema unakibeba wewe. Kama kipengele hicho kimo kwenye mkataba, na kwenye bima ya moto kwa kawaida kimo, wakili hawezi kukifuta.

Lakini tazama hesabu ile tena. Namba inayokuumiza ni ile 40. Kama kweli siku ya moto stoo ilikuwa na mzigo wa milioni 24 tu, hesabu inakuwa 20 kwa 24, na fidia ya ile hasara ya 12 inapanda kutoka milioni 6 hadi milioni 10. Na je, nani aliyemwambia mkadiria hasara kwamba stoo ilikuwa na milioni 40? Mara nyingi ni mwenye duka mwenyewe, kwa uchungu, akidhani kadiri anavyotaja mzigo mkubwa ndivyo atakavyolipwa zaidi. Nimeona hili likiwarudia watu kwa maumivu makubwa.

Anayeweza kuirekebisha namba hiyo ni mtu wa hesabu: mkadiria hasara uliyemwajiri mwenyewe, au mhasibu anayejua kufuata manunuzi na mauzo yako kwa risiti za EFD (mashine ya kodi), hati za mzigo na taarifa za benki hadi siku ya tukio. Kwa nyumba, ni mkadiriaji majenzi anayejua bei ya kujenga upya leo. Utamlipa, na ni vizuri makubaliano yawe ya maandishi kabla hajaanza. Kisha ripoti yake ndiyo unayoipeleka kwa kampuni, kwa Msuluhishi, au kwa wakili kama itafika huko. Wakili asiye na ripoti kama hiyo anapigana na karatasi ya mtaalamu kwa maneno matupu.

Angalizo moja la dhati: hesabu utakazotoa lazima zilingane na ulichokuwa ukikitangaza kwa kodi. Mtu aliyetangaza mauzo madogo miaka mitatu kisha anadai mzigo mkubwa ulioungua anaulizwa maswali magumu, na dai lililotiwa chumvi linaweza kuangushwa lote, hata sehemu yake ya kweli.

Umekataliwa: hapa mtafute wakili

Barua ya kukataa ikifika, sababu yake ndiyo inayoamua. Wakisema ada haikulipwa, tafuta risiti. Huo ni ukweli wa karatasi, ama ipo ama haipo. Wakisema janga halimo kwenye bima, soma mkataba: bima ya moto ya msingi haibebi mafuriko mpaka yaongezwe, na watu wengi wa mabondeni, Jangwani na kandokando ya Msimbazi, hugundua hilo maji yakiwa yameshafika dirishani. Vivyo hivyo sokoni. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa 10 Julai 2021 nilirudia kuwaambia wateja wetu kitu kimoja: bima ya jengo ni ya mwenye jengo, mzigo wa kwenye kizimba ni mkataba mwingine. Kwa kesi kama hizi wakili mkweli atakwambia usipoteze fedha.

Lakini wakisema ulificha taarifa, ulivunja sharti, ulichelewa kutoa taarifa, au wakinong'ona kwamba moto uliuwasha mwenyewe, usijibu peke yako. Barua ya kwanza utakayoandika kwa hasira itasomwa mahakamani. Hoja hizi ni za sheria. Kwa mfano, bima inadai uaminifu wa hali ya juu kutoka kwa mkata bima, na kampuni itasema hukutaja kwamba unahifadhi rangi na thina chumba cha nyuma. Wakili anayejua kazi ataomba kwanza ile fomu ya maombi. Nani aliijaza? Mara nyingi wakala aliijaza kwa mwandiko wake, mteja akaonyeshwa mahali pa kusaini. Je, swali la vitu vinavyowaka liliulizwa? Wakala alifika dukani akayaona makopo? Hapo ndipo kesi iliyoonekana imekufa huanza kupumua.

Na angalia muda. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa shauri la mkataba, na watu hujipa moyo nayo. Lakini mikataba mingi ya bima ya moto ina kipengele kinachosema dai likikataliwa na kesi isifunguliwe ndani ya miezi 12, haki inakwisha. Wakili anaweza kuwa na hoja dhidi ya kipengele hicho. Ni afadhali asiihitaji hoja hiyo.

Wakili yupi, na kwa fedha gani

Anza kwa kuhakikisha ni wakili. Vishoka wapo, wana suti na mihuri, na mtu aliyeunguliwa ni windo rahisi. Jina linatazamwa kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, ambako utaona pia kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Kisha uliza kama amewahi kushika dai la bima ya mali, si ajali ya gari. Hizo ni kazi mbili.

Kuhusu malipo, tenganisha kazi. Kusoma mkataba na kukupa maoni ya maandishi ni kazi moja, ina bei yake, na kwa wengi inatosha. Barua ya madai ni ya pili. Kesi ni ya tatu. Wakili anayetaka ulipie kesi nzima kabla hajausoma mkataba wako, mshukuru uondoke. Na pima: ukigombania tofauti ya milioni 3, ada na nauli na siku za kufunga duka zitaila tofauti hiyo, huyo ni mtu wa Msuluhishi. Ukigombania milioni 80, kuogopa gharama ya wakili ndiko kutakakokugharimu.

Asiye na uwezo kabisa ana njia nyingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria hadi vijijini, na huduma yao ni bure. Wanakusaidia kuandika lalamiko na kujua pa kulipeleka, na hilo ni kubwa kwa mjane aliyeunguliwa nyumba. Ila wengi wao uzoefu wao ni ardhi, ndoa na mirathi, na msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba yako. Nenda kwao ukijua unachoomba.

Mahakama au usuluhishi wa kwenye mkataba

Neno usuluhishi linachanganya. Mbali na ile ofisi ya Msuluhishi, mkataba wa bima ya moto huwa na kipengele kwamba mkitofautiana, mara nyingi kuhusu kiasi, suala liende kwa msuluhishi binafsi mnayemteua na kumlipa, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Ni faragha, na anaweza kuwa mtaalamu wa bima kweli. Lakini analipwa na pande mbili, na kwa mwenye duka la mtaani hiyo ni mzigo. Ukikipuuza kipengele hicho ukakimbilia mahakamani, kampuni inaweza kuomba kesi isimamishwe mpaka mpitie huko. Wakili akisome kabla hajaandika hati ya madai.

Mahakama ni ya wazi, ina nguvu ya kukazia hukumu, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo unasikia kinachosemwa juu ya mali yako. Inachukua muda. Na kila mahakama ina mamlaka yake ya kifedha. Kufungua pasipostahili ni kurudishwa mwanzo.

Kwa wasomaji walioko Kenya picha ni tofauti kidogo na kwa madai madogo ni nzuri zaidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016, husikiliza madai hadi shilingi 1,000,000 za Kenya, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Mlalamikaji wa ucheleweshaji huko anaiendea mamlaka ya bima ya Kenya, IRA. Zanzibar, TIRA ni ile ile, lakini mahakama na chama cha mawakili ni vya Zanzibar, basi wakili wa Dar pekee huenda asikutoshe.

Ukishaamua kwenda kwa wakili, siku ya kwanza beba mkataba, fomu ya maombi, risiti ya ada, barua ya kukataa na ripoti yako ya hasara kama unayo. Usianze na hadithi ya moto. Mpe barua ya kukataa aisome mbele yako, kisha mwombe aandike kwa kalamu juu ya jalada tarehe ya mwisho ya kufungua shauri, na nawe uinakili kwenye simu yako kabla hujatoka mlangoni.